Gari Lililonyamaza Njia ya Mkongani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungua gurudumu ambalo halikuwa na kosa lolote. Nayasema haya mapema ili vijana wanaosoma wasidhani wanasimuliwa na mtu aliyezaliwa na spana mkononi. Karakana ya serikali pale Kwale mjini ilikuwa banda la mabati, shimo moja la kuingilia chini ya magari, na Fundi Mkuu aliyevaa kofia ya kufuma iliyolowa grisi mpaka rangi yake ya asili haikujulikana tena. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha chuo cha ufundi kimekunjwa ndani ya mfuko wa shati, na kiburi cha kuwatosha watu watatu.

Pikapu ililetwa, dereva akilalamika kuwa nyuma kunagonga. Fundi Mkuu akanitazama mimi, akakitazama cheti changu, akasema, "Haya msomi, kazi yako hiyo."

Sikumuuliza dereva hata neno moja. Nilipiga jeki, nikafungua gurudumu, nikatoa shokapu, yaani lile bomba la mafuta linaloituliza springi isirukeruke. Lilikuwa zima. Nikahamia upande wa pili, nalo zima vilevile. Adhuhuri iliingia nami nimetandaza vyuma chini kama mchuuzi wa mitumba. Fundi Mkuu alirudi kutoka msikitini, akapanda nyuma ya pikapu, akainua kifuniko cha kisanduku cha vifaa na kuitoa jeki ya gari, ambayo mkanda wake ulikuwa umekatika. Akaiachia ikaanguka. Ikagonga.

"Ndiyo hii uliyoitafuta tangu asubuhi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi rudisha vyote ulivyovitoa. Ukimaliza, uje nikufundishe kuuliza."

Alinifundisha kuuliza kwa muda wa miezi sita kabla ya kuniruhusu kufungua tena gurudumu peke yangu. Maswali yalikuwa matatu na sikuruhusiwa kuyapunguza. Linagonga kwenye matuta madogo au kwenye mashimo makubwa? Linagonga likinyooka, likikata kona, au ukikanyaga breki? Na la tatu, ambalo yeye aliliona kubwa kuliko mengine: lilianza baada ya kufanywa nini? Magari, alisema, mara nyingi huharibiwa na mtu aliyetaka kuyatengeneza. Baada ya maswali ndipo fundi na dereva huondoka pamoja. Mimi nililazwa nyuma, sikio juu ya sakafu ya bati, tukiteremka mlima wa Kwale na kurudi, nikigonga bodi kwa kiganja kila nilipousikia mlio ili dereva aangalie barabara ikoje mahali hapo. Mara mbili nilitapika. Fundi Mkuu alicheka mpaka akakaa chini.

Kutoka kwake ndiko nilikojifunza kuwa chini ya gari kuna milio ya kila aina. Kuna ule wa kugonga, chuma kwa chuma, ambao mara nyingi ni bushi iliyokufa. Bushi ni kipande cha mpira kinachokaa kwenye maungio ili vyuma visikutane. Kuna kulia, kama mlango wa zamani, na huo hutoka penye ukavu. Kuna kukwaruza. Na nilijifunza kuwa chuma hubeba sauti mbali na ilikozaliwa, hivyo dereva akikuapia kuwa ni mbele kulia, unampa heshima yake kisha unaanza kutafuta kote. Mimi sauti niliipenda. Nilikuwa na sikio, na nilijua kuwa ninalo, na hilo la kujua ndilo lililokuja kuniponza.

Baada ya miaka tisa niliajiriwa katika hoteli moja ya Diani. Bosi wangu wa pale alikuwa Meneja wa Usafiri, kijana wa bara, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kufoka. Salamu yake ya kwanza kwangu ilikuwa, "Fundi, hiyo van ya airport inapiga noise mbaya. Wageni wanacomplain. Nataka iwe silent by kesho asubuhi, sawa?" Nilipomwambia kwanza nitauliza lilianza lini, akanijibu, "Wewe nyamazisha tu, mambo ya historia baadaye." Hoteli ilitaka ukimya, na mimi nikajua kuuleta. Niliweka raba hapa, nikapaka grisi pale, nikabana hiki. Sikatai kuwa niliyatengeneza magari vizuri, lakini miaka ile ilinizoesha kumaliza kazi pale mlio unapokwisha.

Diani ndiko nilikokutana na chumvi. Magari yaliegeshwa karibu na ufuo, upepo ukayala kutoka chini. Chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ulibanduka maganda baada ya misimu miwili. Mimi ni mtu wa Bodo, na mjomba wangu alikuwa nahodha wa mashua za wageni kule Funzi, basi nikakumbuka namna walivyohifadhi mbao kwa mafuta ya sifa, yanayopatikana kwa kuyeyusha maini ya papa. Nikamwomba mjomba debe moja. Nilisugua kutu, nikapaka sifa kwenye chesisi na chini ya milango kwa brashi, nikaacha ikauke jua kali. Meneja wa Usafiri alikuja mbio ameziba pua.

"Fundi! Hii gari inanuka kama soko ya samaki! Mgeni ataingia aje?"

"Siku nne, bwana. Harufu itakwisha."

Ilichukua kumi na mbili. Lakini kutu ilisimama, kweli ilisimama, na habari zikaenea kutoka Ukunda mpaka Msambweni. Madereva wakawa wananijia na madebe yao wenyewe. Nilifurahi mno kuulizwa. Nilikuwa nikiwaelekeza huku nikiendelea na kazi, bila hata kutoka chini ya gari: sugua, osha, kausha, paka chini kote.

Paka chini kote. Maneno matatu haya niliyasema sijui mara ngapi, na mimi mwenyewe sikuwahi kupaka chini kote. Mkono wangu uliruka mipira yote bila ya kufikiri, kwa sababu kila fundi anajua kuwa mafuta huulainisha mpira na kuuvimbisha. Kila fundi anajua, dereva atajuaje? Kwa mtu aliyewahi kuona chombo kikipakwa sifa ufuoni, kupaka ni kupaka, huachi hata upenyo wa kidole.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Msambweni, katika shirika dogo lililoendesha kliniki ya kutembea. Gari moja refu, lenye viti sita na masanduku ya dawa na chanjo, lilizunguka vijiji ambavyo mama akitaka kupima mtoto hutembea nusu siku. Aliyetuongoza alikuwa Bi Mratibu, mwanamke wa Vanga, mpole wa maneno na asiyesahau kitu. Dereva alikuwa Nyamawi, Mduruma wa kule Kinango, mtu wa kanisani, aliyelitunza gari lile kuliko baadhi ya watu wanavyowatunza wake zao. Nilimwambia hivyo mbele ya wauguzi na akakasirika juma zima.

Asubuhi moja Nyamawi alinijia. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Linagonga mbele. Ko, ko, ko. Kwenye matuta madogo zaidi."

"Likinyooka au kwenye kona?"

"Kote. Lakini kesho kutwa tuna safari ya Mkongani, kina mama wameshaambiwa."

Swali la tatu sikuliuliza. Nilishalijua jibu, au nilijiona ninalijua. Ko-ko-ko ya matuta madogo ni linki, kile kijiti cha chuma chenye vifundo viwili kinachoshikilia fimbo inayolizuia gari kulala kwenye kona. Nililizungusha gari mara moja uwanjani, nikasikia, nikatabasamu. Nikabadilisha linki zote mbili za mbele. Nikaenda nalo mpaka barabara kuu na kurudi juu ya matuta yote. Kimya kabisa. Wala halikulia, wala halikukwaruza. Nikatia sahihi kwenye daftari la gari kuwa liko salama kwa safari, na nikaenda kunywa chai.

Siku ya safari waliondoka saa moja asubuhi. Walikuwa sita: Nyamawi, wauguzi watatu, mkunga, na karani wa kuandika kadi. Mkunga, Bi Mwanasha, alinipungia mkono dirishani. Mimi nikarudi kusafisha meza yangu, nikaziokota linki za zamani ili nizitupe.

Mkono ulininuka sifa.

Nilisimama pale nikinusa vidole. Sikuwa nimepaka sifa gari lolote mwezi ule. Nikaibonyeza bushi ya linki kwa kidole gumba na kidole kikaingia. Mpira ulikuwa umevimba na kulainika kama muhogo uliopitiliza kuchemka. Ndipo nilipoona kwamba linki haikuchakaa kwa barabara, ilikuwa imelowekwa. Na kama mafuta yalifika kwenye linki, yalifika pia kwenye jirani yake, inchi chache tu kutoka pale.

Jirani yake ni boljointi. Niieleze vizuri, maana ndiyo kisa chote. Ni kifundo cha chuma kama cha nyonga ya mtu, duara ndani ya kikombe, kinacholishika gurudumu la mbele lisitoke mahali pake huku kikiliruhusu kugeuka. Kimefunikwa kwa kofia ya mpira iliyojaa grisi. Kofia ikipasuka, mchanga huingia na kukisaga kifundo. Kwa kawaida boljointi inayokufa hulia, na fundi mwenye sikio huisikia mapema. Lakini hii ilikuwa ikiogeshwa kwa mafuta kutoka nje. Ilikuwa ikifa bila ya kulia. Nami nilikuwa nimeuondoa mlio wa kugonga, nikausikia ukimya, nikatia sahihi. Boljointi ikichomoka gari likiwa mwendoni, gurudumu hulala ubavu. Njia ya Mkongani ina miteremko na ina makorongo pembeni.

Sitaki kujifanya jasiri kwa kuwa ni mzee. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikapiga simu ya Nyamawi. Ilikuwa imezimwa, kama shirika lilivyoagiza madereva wafanye wanapoendesha. Nikapiga ya Bi Mwanasha, haipatikani. Juu kule mtandao ni wa kubahatisha. Nikaingia ofisini kwa Bi Mratibu bila ya kubisha hodi.

"Bi Mratibu, gari si salama. Nimekosea."

Aliweka kalamu chini. "Umetia sahihi juzi."

"Nimetia. Nimekosea."

Hakupandisha sauti. Alichukua ufunguo wa pikapu ya ofisi ukutani, akanipa. "Nenda. Mimi nitaendelea kupiga simu."

Nilitupa jeki, mtaimbo na boljointi mpya nyuma ya pikapu na nikaondoka. Lami ilipoisha nikaingia barabara ya vumbi, na kila kona niliyoikata nilijitayarisha kuona jambo. Niliona alama za matairi nikazifuata kwa macho. Niliona watu wamekusanyika mbele, nikajua ndiyo yale, kumbe ni mnada wa mbuzi. Nilisoma nilizozijua zote, aya na dua, na nilipozimaliza nilirudi kuzianza. Niliwahesabu watu wale mmoja mmoja kwa majina. Muuguzi mmoja alikuwa na mtoto anayenyonya nyumbani.

Nililikuta gari limesimama kando ya barabara, chini ya mkorosho, likiwa limenyooka, magurudumu yote manne mahali pake. Nyuma yake wauguzi walikuwa wameteremsha meza. Kina mama wa kijiji kilichokuwa karibu walikuwa wameshapanga foleni na watoto mgongoni, na karani anaandika kadi kana kwamba ndipo walipopangiwa tangu mwanzo. Bi Mwanasha aliniona, akasema, "Ee, Fundi, nawe umekuja kuchanjwa?"

Nilimpita nikaenda moja kwa moja mbele ya gari.

Nyamawi alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu la mbele kushoto. "Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Sikujua. Steringi ilikuwa inachelewa kurudi. Nikikata kona, nikiiachia, inakaa vilevile mpaka niivute. Tena limenyamaza mno, Fundi. Gari hili tangu nikabidhiwe halijanyamaza hivi. Mbele ni ule mteremko wa daraja. Nikawaambia mimi siteremki mpaka niangalie."

"Ungeendelea ningekuwa nimewaua."

"Sikuendelea," akasema kwa upole.

Tulipiga jeki. Nikaingiza mtaimbo chini ya gurudumu, nikauinua kidogo. Gurudumu lilipanda na kushuka upana wa kidole, jambo ambalo halitakiwi kuonekana hata kwa upana wa ukucha. Kofia ya mpira ilikuwa imechanika pande mbili. Nilifungua nati, nikagonga mara moja kwa nyundo, na kifundo kikatoka chenyewe kwenye kikombe chake, kikabaki mkononi mwangu. Nyamawi alikiangalia, kisha akauangalia mteremko, kisha akavua kofia yake.

Nililia pale pale, chini ya gari, ambapo kina mama hawakuniona. Kilikuwa kilio cha nafuu. Sijapata nafuu ya namna ile, hata wanangu walipozaliwa salama, Mungu anisamehe.

Tulipomaliza kufunga mpya, Nyamawi alisema polepole, "Fundi, yale mafuta niliyapaka mimi. Mwezi uliopita. Ulisema chini kote, nikapaka chini kote, hata mipira, ili isikauke. Nitamwambia Bi Mratibu ni mimi."

"Hutamwambia hilo."

"Lakini nilipaka mimi."

"Ulipaka ulivyofundishwa, na mwalimu alikuwa mimi. Na nikaja nikatia sahihi bila ya kukuuliza ulilifanya nini gari. Ungeniambia?"

"Ungeniuliza, ningekwambia."

Jioni nilimweleza Bi Mratibu yote, kuanzia debe la kwanza la Diani. Nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wangu. Aliisoma, akaikunja. "Barua hii nitaiweka," akasema. "Wewe kesho utaanza kuwatafuta wote uliowahi kuwaambia wapake chini kote. Ukishawapata wote, ndipo nitaamua kama ninaisoma tena." Ilinichukua miezi miwili ya siku zangu za mapumziko, Diani, Ukunda, Gazi, mpaka Shimoni. Niliwakuta madereva kumi na saba niliowakumbuka. Watatu walikuwa wamepaka mipira pia, na magari yao niliyafungua mwenyewe kwa mikono yangu. Hakuna aliyekuwa amepata ajali. Kila nilipoondoka kwa mmoja wao nilipumua kama mtu aliyetua mzigo. Barua sikurudishiwa mpaka siku ya kuagwa, na Bi Mratibu alinipa bila ya kusema lolote mbele ya watu.

Nimestaafu mwaka wa pili sasa. Sikio la kulia limeanza kufifia, daktari anasema ni nyundo za miaka mingi, na sioni uchungu. Mafundi wa leo wana mashine inayochomekwa garini ikasoma makosa kwenye skrini. Naipenda mashine ile na nimewahi kuishika. Lakini haijui lililofanywa na dereva wiki iliyopita kwa nia njema, na kifundo cha chuma kinachokufa kwa siri hakina waya wa kuipelekea habari. Kama kuna fundi kijana anayesoma haya, amuulize dereva lilianza baada ya kufanywa nini, amuulize hata pale anapojua jibu, na gari likinyamaza asiende kunywa chai. Ashike mtaimbo kwanza.

Mengine niliyoyatengeneza siyakumbuki. Gari moja moja hunijia, na rangi, na harufu ya viti. Lakini wale sita nawajua mpaka leo kila mmoja alipo. Yule mtoto wa muuguzi yuko darasa la nne. Karani ameoa Lungalunga. Nyamawi bado anaendesha. Nikiwa na salio la simu huwapigia kwa zamu, na hawajui kwa nini, isipokuwa Nyamawi.

Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu ya Bi Mwanasha. Alipokea akiwa jikoni, nikasikia mafuta yakichachatika na redio ikiimba. Tulisalimiana, tukaulizana afya, nikamsikiliza akilalamikia bei ya nazi mpaka akaishiwa.

"Sasa Fundi," akasema, "umenipigia una shida gani?"

"Sina shida, Bi Mwanasha."

"Basi wataka nini?"

"Nilitaka kukusikia tu. Endelea kukaanga."